Severin, mshika waya wa shujaa asiyeruka

Saa mbili asubuhi jua limeshawaka Stratford, mashariki mwa London, lakini ndani ya ghala hili la kupigia filamu bado ni usiku. Mvua inanyesha kutoka kwenye mabomba yaliyoning'inia chini ya dari. Juu ya mapaa ya mbao yaliyopakwa rangi ya masizi, mtu mwenye joho jeusi amesimama ukingoni. Chini yake, glavu mikononi, Severin Kimaryo ameshika waya uliofungwa kiunoni mwa mtu huyo.

"Mimi ndiye ninayemwangusha," anasema, akicheka kidogo. "Zamani angekuwa anaruka."

Severin, mzaliwa wa Kibosho mkoani Kilimanjaro, ana miaka hamsini na minne. Filamu ya kwanza ya shujaa huyu aliiona utotoni, kwa jirani mwenye televisheni iliyonasa matangazo ya Kenya. Shujaa alipaa juu ya jiji akitabasamu, akiwapungia watoto mkono.

"Wiki nzima, kila nikifumba macho, naiona nyumba yetu kwa juu," anakumbuka.

Sasa filamu hiyo inatengenezwa upya, na safari hii ni ya majonzi. Shujaa amezeeka, amefiwa, na uwezo wa kuruka umemtoka. Hupanda paani kujaribu, huanguka, hupanda tena.

Alipofika London, Severin alipakua mizigo madukani, hadi jirani yake Balwinder, dereva wa studio, alipomwambia wanatafuta watu wenye mikono mitulivu. Huu ni mwaka wake wa tisa, na miaka yote hiyo ameipitisha sakafuni. "Urefu unanitisha," anakiri. "Hata taa ikiungua nyumbani, anayepanda ngazi ni mke wangu, Haika."

Mwezi uliopita waya ulikwama kwenye kapi. Kelvin, kijana anayeanguka badala ya mwigizaji mkuu, akaning'inia kichwa chini katikati ya mvua mpaka aliposhushwa. Hakuumia. Ila kesho yake alipofika ukingoni, miguu iligoma.

Kelvin alizaliwa London, wazazi wake wametoka Mwanza. Severin humsemesha Kiswahili, naye hujibu Kiingereza. Siku ile aliteremka, akasimama mbele ya mzee huyo.

"Anko, naogopa," akasema kwa Kiswahili. "Waya siuamini tena."

Severin akavua glavu zake, akampa.

"Ningemwambiaje asiogope, na mimi mwenyewe naogopa?" anasema. "Nikamwambia, shika wewe, mimi nipande."

Msimamizi wa usalama alikagua kapi jipya na kila kifungo cha mkanda, akaruhusu. Kelvin na wenzake wakamvuta taratibu. Severin alifumba macho mpaka aliposikia mvua imeacha kumgusa.

Akafumbua. Alikuwa ameyapita mabomba, mvua ilikuwa chini yake. Ilimeremeta kwenye taa, ikiliangukia jiji la mbao, na mbali kule sakafuni uso mmoja ulikuwa umeinuka, hauondoi macho kwake.

"Kulikuwa kimya," anasema, sauti ikishuka. "Sikuwa na uzito wala umri. Waliponiuliza kama niko tayari kushuka, nikawaomba waniache kidogo."

Alipogusa sakafu akakaa kwenye maji, nguo zikilowa. Kelvin alivaa mkanda bila kusema neno, akapanda, akaanguka. Mwongozaji amesema anguko hilo ndilo litakalobaki kwenye filamu.

"Nilipomshika Anko ndio nikajua anavyonishika," Kelvin anasema, akiyatafuta maneno polepole.

Upigaji picha unamalizika mwezi huu. Haika ameshasema hataitazama filamu hiyo. Huzuni ya bure haitaki. Severin naye mawazo yake yako Kibosho, atakakokwenda likizo. Kila Krismasi watoto wa parokia huigiza kuzaliwa kwa Yesu, na malaika husimama juu ya benchi. Mwaka huu anataka malaika aruke, na tayari amempigia simu padri.

"Amekubali," anasema. "Ameuliza tu kama paa litahimili. Nimemwambia asiwe na shaka, nitapanda mwenyewe kuliangalia."