Mgeni Aliyewabishia Hodi Farasi

Sitaapa. Mama hapendi viapo, na mimi mwenyewe sina sura ya mtu wa kuapa. Nasema hivi tu: ukitaka ushahidi, panda basi uje kwetu, pembeni kabisa mwa Hounslow, pale ndege zinapopita chini mpaka unaona magurudumu, umwombe Baba akunje suruali mguu wa kulia. Lile goti ndilo ushahidi wangu. Mengine ni juu yako.

Mambo haya yametokea majira haya haya ya baridi. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ni ya aibu, na darasani kwangu hakuna anayeweza kuyasoma hata akichungulia begani. Nilikuja London nikiwa na miaka minne. Kiswahili nimetunziwa na Mama, ambaye ukimjibu kwa Kiingereza anajifanya hajakusikia mpaka chakula kipoe.

Kwanza ujue tunaishi vipi. Sisi tunafuga farasi. Najua, hata wewe umeshangaa. Watu wa kwetu hapa ni manesi, wanasafisha maofisi, wanapakia mizigo uwanja wa ndege. Mama naye anahudumia wazee, zamu ya usiku. Lakini Baba ni saisi, mtunza farasi, na baba yake alikuwa saisi kwa wazungu wa Usa River, kule Arusha. Shamba tumekodi: kiwanja kimoja cha majani, mabanda manane yanayotazamana uani, na chumba cha chakula cha farasi ambacho panya wanakipenda kuliko sisi. Farasi wengi si wetu, wenyewe wanatulipa tuwatunze, na Jumamosi watoto wanakuja kujifunza kupanda. Wetu ni Biskuti peke yake. Jike mzee, rangi ya chai ya maziwa, jicho la kushoto halioni.

Usidanganywe na picha za farasi wakikimbia kwenye theluji. Baridi ya shambani ni matope. Kabla ya shule napasua barafu kwenye hori la maji kwa kisigino cha gambuti, natoa vipande kwa mikono, maana ukiviacha vinashikana tena. Natoa samadi kwa toroli, na toroli linazama. Nawavua farasi blanketi za usiku na kuwavalisha za mchana, na vifungo vimeganda mpaka uvipulizie. Halafu naoga, najipaka mafuta, napanda basi, na bado msichana aliyekaa nyuma yangu anafungua dirisha.

Sasa, kuna jambo moja la Baba. Baba haingii banda la farasi bila kubisha hodi. Anasimama mlangoni, anasema "Hodi, mama," au "Hodi, mzee," kutegemea aliyemo, kisha anasubiri. Sikio likigeuka, hiyo ndiyo karibu yake. Anaingia. Si mzaha. Farasi akishtuka anapiga teke, na Biskuti, kwa upande ule asioona, anashtuka hata na panya. Babu alimfundisha Baba hivyo, Baba akanifundisha mimi: nyumba ni ya aliyemo, hata kama kodi unalipa wewe.

Na mimi nilikuwa nabisha. Mpaka Priya alipokuja.

Priya ni wa darasani kwangu. Mchangamfu, kila mtu anataka kukaa naye, hata mimi, ingawa mimi huwa nakaa karibu na wale wanaokaa naye. Jumamosi moja kabla ya Krismasi alimleta mdogo wake kujifunza kupanda. Hakujua kama ni kwetu. Nilijificha chumba cha chakula mpaka wakaondoka. Jumatatu nikakuta video ya Baba kwenye simu za darasa zima. Baba na kofia yake ya sufu, ameinama mbele ya mlango wa Biskuti: "Hodi, mama. Umeamkaje?" Anasubiri. Halafu anacheka peke yake, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

Priya hakuwa na ubaya, aliandika kwamba mzee huyu anampendeza. Wengine ndio walioigeuza. Kila mlango wa shule ukawa hodi. Mvulana mmoja, Kyle, alikuwa anasimama nje ya vyoo anapiga hodi kwa sauti ya kizee, anauliza waliomo wameamkaje.

"Hii si lugha yenu?" akaniuliza siku moja. "Huyu anasema nini?"

Nikamwambia sijui. Halafu, ili nisionekane nimenuna, nikaweka kikatuni cha kucheka chini ya ile video. Mimi. Chini ya baba yangu.

Jioni ile nikamfuata Baba anasafisha kwato.

"Baba, watu wakiwepo, usiwe unabisha hodi."

"Kwa nini?"

"Wanacheka."

"Wanacheka nini? Hodi?"

Akanitazama, mimi nikatazama gambuti zangu.

"Haya," akasema. "Kama inakuletea tabu, naacha."

Nilidhani ataacha siku za wageni tu. Lakini baada ya siku chache nikaona habishi kabisa, hata tukiwa wawili. Nilipomuuliza akasema, "Mdomo haujui Jumamosi, mwanangu. Nikiulegezea leo, kesho utaniponyoka mbele za watu." Na mimi nikaacha. Shamba likawa kimya. Farasi wakaanza kurusha vichwa tukiingia.

Basi ikafika siku yenyewe, katikati ya wiki, mwezi wa kwanza. Mwezi huo saa kumi na nusu jioni huku ni giza tayari. Baba alikuwa amekwenda na gari kuchukua nyasi kavu, Mama amelala akisubiri zamu yake. Nilikuwa nimeshawaingiza farasi wote, niko chumba cha chakula napima pumba, taa ya uani inazima na kuwaka. Nikasikia, "Hodi."

Sauti ya mwanamume mzee. Si ya Baba.

"Hodi, mzee." Kisha nikasikia kitu ambacho ukikaa na farasi unakijua, ile pumzi ndefu ya puani anayoishusha akiridhika. Mlango wa pili: "Hodi, mama." Pumzi. Mlango wa tatu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Ningekimbilia wapi, wakati njia ya kwenda nyumbani inapita hapo hapo uani? Nikachungulia kwenye ufa. Nikaona mzee mrefu, koti la kaki linalofika magotini, mikono nyuma. Hakufungua mlango hata mmoja. Anasimama, anabisha, anasubiri, anasogea. Baridi ilikuwa kali, farasi wote wanatoa mvuke, mimi natoa mvuke, ufa wote umejaa pumzi yangu. Yeye anaongea na hatoi kitu. Niamini, nilimtazama mdomo sana.

Nikashuka kwenye miguu. Bibi mzaa mama alituambia jini humjui mpaka uone miguu, ana kwato. Nikataka kucheka kwa woga, maana uani kwetu alama za kwato ziko kila mahali, zingenisaidia nini? Lakini yule hakuwa na kwato. Alikuwa na gambuti za kijani. Mpya, safi, hazina hata tone, katika uwanja ambao hata paka wetu ana tope mpaka masikioni.

Kwa Biskuti alikaa sana. Alibisha, Biskuti hakugeuza sikio. Akabisha tena. Mara ya tatu Biskuti akaleta kichwa chote mlangoni, akakilaza begani kwa yule mzee. Biskuti, ambaye mimi nimemlisha miaka yote na hajanilalia hata siku moja.

Kisha akaja kwangu, akasimama nje ya mlango.

"Hodi humu ndani."

Kuna kanuni ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua: ukiitwa gizani na usiyemjua, usiitike. Ningeweza kukuambia ndiyo iliyonifunga mdomo, na ungenisamehe. Lakini haikuwa hiyo. Niliisikia ile hodi na mwili mzima ukawaka aibu, kana kwamba niko shuleni na Kyle yuko nyuma yangu na simu. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba tumefunga, arudi Jumamosi.

Hakuondoka.

"Wewe si mtoto wa humu?" akauliza, kwa upole, kama anayemsemesha mtoto aliyepotea sokoni.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Sawa. Si lazima unikaribishe. Ila mwambie baba yako, yule wa jicho moja amechukia. Watu wanaingia kwake bila kumwambia. Leo abishe. Umenisikia? Leo."

Nikasema nimesikia, tena kwa Kiingereza. Hata shikamoo sikutoa. Mtu mzima amesimama kwenye baridi ile, na shikamoo yake iko kooni mwangu mpaka leo. Taa ikazima, ikawaka, na uani hakukuwa na mtu.

Baba akarudi muda si mrefu. Tukashusha marobota ya nyasi, yeye juu ya gari, mimi chini, na kila robota lililoshuka nilijiambia, mwambie sasa. Unadhani nilishindwa kumwambia nimeona mzee asiye na pumzi? Hilo lilikuwa jepesi. Lililonishinda ni lile neno, abishe. Angeuliza, kwani si wewe uliyenikataza? Ningelazimika kueleza video, na Kyle, na kikatuni changu. Nikaamua nitamwambia tukila.

"Leo umekuwa bubu," akasema.

"Baridi tu."

"Ngoja nimtazame Biskuti, halafu tukanywe chai."

Akafungua banda taratibu, bila sauti, kama nilivyomwomba. Akapitia kushoto.

Mlio wa teke likipata mfupa sitakuelezea.

Hospitali walimlaza, goti limevimba kama boga. Mama alipotoka kwenda kumtafuta daktari, nikamwambia Baba. Nilianza na mzee, nikajikuta nimerudi nyuma mpaka kwenye video na kikatuni, nalia, nazungumza na shuka badala ya uso wake. Hakunikaripia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Miguuni alivaa nini?"

"Gambuti. Za kijani."

Akageukia ukutani.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye. Babu alitunza farasi maisha yake yote akiwa na kandambili. Baba alipopata kazi huku, kitu cha kwanza alichomtumia kilikuwa gambuti za kijani. Babu hakuzikanyagia tope hata mara moja. Alizivaa kanisani. Alipofariki, baridi ya mwaka juzi, aliacha neno kwamba azikwe nazo, watu wakacheka msibani, na wakamzika nazo. Baba hakwenda kuzika. Barafu ilikuwa imetanda, farasi wanane, hakuna wa kumwachia. Mimi niliambiwa Babu amefariki, basi. Sura yake nilikuwa nimeshaisahau, na habari ya viatu sikuwahi kuisikia.

"Ulimkaribisha?" Baba aliuliza pale pale hospitali, bado ametazama ukuta.

"Nilimwambia tumefunga."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Kitanda kikatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko cha mtu anayeumia.

"Baba yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji," akasema. "Atakuwa alidhani unamkaribisha."

Alisema hivyo ili nipate usingizi. Lile neno la Babu, si lazima unikaribishe, sikuwa nimemwambia. Ndilo pekee nililomficha, na nalificha mpaka sasa.

Baba anatembea kwa mkongojo. Daktari anasema goti halitakunjika kama zamani, na mtu asiyekunja goti hawezi kusafisha kwato. Kwa hiyo mabanda ni yangu asubuhi na jioni, Mama akinisaidia akitoka zamu, na wenye farasi wengine wanakuja kushika reki. Nabisha kila mlango, kwa sauti, hata Jumamosi. Priya aliniuliza maana yake nikamwambia, nikamwambia pia kwamba yule ni baba yangu. Aliifuta ile video, lakini ilikuwa imeshasambaa kwa wengine. Mdogo wake siku hizi anabisha mwenyewe, kwa lafudhi inayowakera farasi. Kyle bado anabisha chooni, na uso wangu bado unawaka. Usidhani aibu inaondoka kwa sababu umelijua jina lake.

Na kila siku, giza likiingia, farasi wote wanane wanageuza masikio kuelekea chumba cha chakula nilipo. Wote kwa pamoja. Nafungua mlango, nasema, "Shikamoo, Babu. Karibu ndani." Nasubiri. Masikio yanakaa hivyo kidogo, kisha yanarudi, mmoja mmoja, na kila mtu anaendelea kula.

Wewe unayesoma, bibi yako alikukataza kuitika gizani, na mimi sibishani na bibi yako. Ila siku ukibishiwa hodi kwa lugha ya kwenu, jipime kwanza kilichokufunga mdomo. Kikiwa ni woga, nyamaza, huenda unakuokoa. Kikiwa ni aibu, fungua upesi, mgeni hana subira ya kukungoja ukue. Mlango wa chumba cha chakula nikishaufungua jioni siufungi tena. Baridi yote ya Hounslow inaingia, panya wanaingia, pumba zinalowa, na Mama analalamika. Baba hajasema kitu. Ameweka tu kiti kimoja karibu na mlango, nami kila asubuhi nakifuta ukungu wa usiku.