Mama Aliniita Nikiwa Italia

Usinicheke kabla hujasikia sauti ya mama yako ikitoka ukutani, nchi ya watu, mchana kweupe.

Mimi nimeisikia.

Ilikuwa 1974. Nilikuwa nesi Birmingham, mume wangu Cleopas yuko kiwandani Nechells. Tangu tuoane alikuwa ameniahidi likizo ya bahari, na si ile ya mvua ya Waingereza. Jumamosi moja tukapanda basi la watalii, hao, Italia!

Kijiji cha kwanza kilikuwa Camogli. Nyumba ndefu za rangi, nguo zimeanikwa madirishani, samaki wanakaangwa. Nimevua viatu, nacheka peke yangu.

"Mghoi!"

Sauti imetoka ukutani.

Hilo ni jina langu la Kitaita. Uingereza nzima wananijua kama Jemima. Mwenye kuniita Mghoi ni mama tu, na mama yuko mbali, kwetu Wundanyi.

Nikafungua mdomo niitike, nikaufunga. Mama mwenyewe alinifundisha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike ng'o.

"Cleopas, umesikia?"

"Nisikie nini? Ni jua hilo. Kunywa maji."

Lakini chupa ya soda ilimponyoka, ikapasuka kwenye mawe.

Kijiji cha pili, Vernazza, tena. Tunapanda ngazi, sauti ikatoka kichochoroni, karibu kabisa. "Mghoi! We Mghoi!" Kwa haraka, vile mama huita mvua ikija na mahindi bado yako nje.

Aki, nikaziba masikio. Sikuitika. Kugeuka, namwona Cleopas amekaa chini, ameshika kichwa.

"Turudi nyumbani," nikasema.

"Basi linarudi Jumamosi, Jemima. Tafadhali."

Kijiji cha Riomaggiore, mama aliniita mara moja tu, polepole, kama mtu aliyechoka. Nikauma kitambaa changu nisijibu. Baada ya hapo sikumsikia tena.

Tukarudi kwetu Birmingham, mtaa wa Sparkhill. Hata masanduku hatujafungua, Surjit akabisha. Surjit ni jirani, kalasinga wa Nakuru, Kiswahili anacho, na simu yake ndiyo tuliyokuwa tukitumia. Amejifunika mtandio mweupe, amebeba sufuria ya dengu.

Akanikumbatia. "Pole sana, dada. Mlifika kwa wakati? Mama mmemzika vizuri?"

"Mama nani?"

Surjit akamtazama Cleopas. Sufuria akaiweka chini, akatoka.

Simu ilikuwa imekuja kwa Surjit Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Cleopas ndiye aliyeipokea.

"Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa safarini," akasema, analia. "Nilitaka urudi kwanza, ukae chini, watu wawepo."

"Safari gani? Ijumaa nilikuwa jikoni, Cleopas! Nakukaangia kuku!"

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ningeweza kuwa Wundanyi. Ningemwosha mama kwa mikono yangu.

Halafu nikakumbuka ile chupa.

"Ulimsikia?"

"Kila mahali."

"Akiniita?"

"Wewe alikuita jina." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Mimi alikuwa akiniambia, Cleopas mwanangu, mwambie. Mwambie."

Ndugu zangu, msiba wa mtu ni wake. Usimchagulie siku ya kulia, hata kama unampenda kiasi gani. Mpe habari yake saa hiyohiyo, alie, aamue mwenyewe pa kwenda.

Na mimi, ile sheria ya mama nimeivunja. Siku hizi nikisikia jina langu na simwoni mtu, naitika.

Abee, mama.