Ramani ya nyumba saba iliyonibadilishia mada ya masters

Wakuu, salaam. Nyie mnaojaza maombi ya masters mkiwa mmejilaza kwenye sofa, leo mzee mwenzenu naleta yangu. Chumvi sitii. Niliyoyaona ndiyo haya.

Enzi za Ujamaa nilikuwa bwana maendeleo Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha kaya zinazohamia vijiji vipya.

Chuo kikuu kimoja kikatoa nafasi moja ya masters. Niliitaka kwa kufa na kupona.

Mada nilishachagua: mafanikio ya kuhama. Nilijua wakubwa wataipenda. Msinicheke, hata nyie mnafanya hivyo hivyo.

Fomu ilidai ramani ya eneo la utafiti. Nikapanda baiskeli hadi kijiji kimoja ambacho watu wake walihamishiwa kijiji kipya cha Simbo. Saa sita mchana, jua la utosi.

Michikichi ipo, nyumba zimeezuliwa mapaa, hakuna hata kuku.

Ila viwanja vyote vilikuwa vimefagiwa. Alama za ufagio mbichi kabisa, na nyayo ni zangu tu.

Nikajikaza nikachora. Nyumba saba. Ya saba ilikuwa na paa lake zima na mlango wazi, nikakaa kivulini mwake nimalizie. Ubaridi wa pale sijausahau.

Jioni nikapita Simbo kwa Mama Yohana, mwenyeji wa kile kijiji cha zamani, anihakikie ramani. Alikuwa anapika migebuka, samaki wa ziwani kwetu, kwa mawese. Akafuata nyumba kwa kidole, akasimama kwenye ya saba.

"Bwana Maendeleo, hii umeitoa wapi?"

"Nimeiona, mama. Nimekaa kivulini kwake."

Akaepua chungu.

"Hiyo ni ya mama yangu. Alikataa kuhama, akafia humo siku tunapakia mizigo. Tulimzika humo humo, tukaiangusha nyumba juu yake. Mwanangu, ulipiga hodi?"

Sikupiga. Mahame, nimpigie nani?

Kesho yake tukaenda wote. Nyumba sita. Pale pa saba palikuwa na lundo la udongo, pembeni pamefagiwa. Mama Yohana akapiga hodi mara tatu, nami nikafuatisha.

Nikafungua daftari langu la kaya. Jina la yule bibi lilikuwemo, na mbele yake, kwa mwandiko wangu: "Amehama."

Nililia wakuu, sioni aibu kusema.

Nikabadili mada: waliobaki kwenye vijiji vilivyohamwa. Ramani nikaituma na nyumba zake saba.

Jibu likaja. Nimekosa nafasi. Sababu mstari mmoja tu: mada yako haina watu wa kuhojiwa.

Masters sikusoma tena, na inaniuma mpaka leo. Lakini ile mada ya kwanza ningeisomea kwa uongo niliouandika mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujachagua mada, nenda kwa miguu yako, na upige hodi hata pasipo na mtu.

Haya, wenye proposal mkononi shusheni hapa. Na mliokulia mahame ya huko kwetu, niambieni: nani alikuwa anafagia?