Tundu Lililomeza Muto Wetu

Enzi zetu huku mutaani Katoyi, muto wetu ulikuwa wa mvula tu. Wakati wa jua tulipita ndani yake kama barabara. Mvula ikinyesha, maji meusi yalishuka mbio mpaka chini ya muti wa avoka, yakaingia katika tundu la mawe ya volkano na kupotea. Mudomo wa tundu haukupita upana wa beseni.

Humo hakuna mutoto aliyetupa takataka. Kabla ya mvula, Mama alitutuma, mimi na dada yangu Riziki, kutoa majani kwa mikono. “Mukiacha pazibe, maji yatakuja kulala kwenye kitanda yenu,” alisema, fimbo ikiwa karibu.

Tukimaliza, tulitupa humo mashua za maganda ya mugomba. Riziki aliuma yake, aache alama ya meno. Tuliamini maji ya tundu yanatokea ziwani, basi Jumapili, tukitoka misa, tulishuka mpaka bandari ya Kituku, tukainama kati ya mitumbwi, harufu ya samaki wadogo, sambaza, puani, tukizitafuta. Siku moja Riziki akainua ganda lililooza: “Ona meno yangu.” Nikamuambia ni ya mbuzi. Alininunia mpaka nyumbani.

Sasa watu wamejenga mpaka ndani ya muto. Kijana wa leo akiona mahali pakavu anasema ni parseli, kiwanja cha kujenga. Jirani yangu, Papa Eliya, mutu wa simu mbili, alipomwaga beto ya saruji humo, nilimuonya juu ya muto na tundu lake.

“Koko, muto gani? Mimi naona mawe tu,” alinijibu; koko ndivyo wanavyotuita sisi wazee.

Mwezi uliopita mvula ilinyesha kutwa. Maji yaliingia kwake, yakaja kwangu, yakabeba viatu vyangu vya misa. Kesho yake akaja na nyundo, macho chini.

“Koko, utuonyeshe lile tundu. Nitavunja beto.”

Nilisimama katika kiwanja chake. Muti wa avoka hakuna. Mawe tuliyokalia yamepasuliwa, yamekuwa fondasio. Niligonga fimbo hapa, nikagonga pale. Kote palilia sawasawa. Alingoja na nyundo yake. Mimi ninayesema vijana hawajui kitu, sikujua. Riziki angejua, lakini Riziki tulimuzika zamani. Papa Eliya alinirudisha akinishika mukono, na hakunicheka.

Zamani mvula ikianza tulikimbia nje, tukishindana na maji. Leo ikianza ninapandisha godoro juu ya meza, ninakaa kando yake, ninatazama chini ya mulango. Nyumba nzima ni mimi peke yangu. Basi ninamuambia Riziki: yale meno yalikuwa yako.