Barua Niliyoichapa Upya

Ufunguo mmoja wa lile sanduku nilikuwa nao mimi. Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani, na tulilitundika karibu na mlango wa choo kwa sababu hapo kila mtu alipita bila kuulizwa anaenda wapi. Lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo wa kwanza alikaa nao mwenyekiti wa kamati ya uadilifu, mhadhiri mpole aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi. Wa pili ulikaa kwenye kibeti changu, pamoja na ule wa nyumba niliyopanga Kitengela. Nilijiona mtu mkubwa kwa ajili ya kipande hicho cha chuma. Nikikumbuka nilivyokuwa nikikizungusha kidoleni mbele ya wenzangu, uso unanichoma.

Nilikuwa karani katika shamba la mifugo la chuo kikuu cha umma, kwenye barabara ya kwenda Kajiado. Nilifika huko miaka ya tisini kutoka kwetu Vihiga, kwa mkataba wa miezi mitatu, na mkataba huo ukawa unarudiwa na kurudiwa hadi nikaacha kuhesabu. Nilichokuwa nikingoja ni barua ya ajira ya kudumu. Wakati huo serikali mpya ilikuwa imeingia, na kila ofisi ya umma iliambiwa iwe na sanduku la kupokea habari za ufisadi. Waraka ulikuja na maelezo yote. Sentensi moja niliikuza herufi na kuibandika juu ya sanduku kwa pini nne: Mtoa habari atalindwa.

Mzee mmoja wa Kimaasai ndiye aliyekuwa mkuu wa wachungaji pale shambani. Alikuwepo kabla ya meneja, kabla ya daktari wa mifugo, kabla yangu mimi. Aliishi na mke wake katika nyumba ya mabati nyuma ya zizi, nyumba ya chuo, na hakuwa na nyingine. Ardhi ya familia yao kule Kitengela ndugu yake mkubwa alikuwa ameiuza ploti moja moja wakati ule kila mtu akiuza, na kwa yote niliyoyajua, chumba nilicholala mimi kilisimama juu ya malisho ya baba yake.

Asubuhi moja aliingia ofisini akisema amekuja kuulizia dawa ya kupe.

"Takwenya, yeyo," akanisalimu. Yeyo ni mama. Angeweza kunizaa, lakini hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake kwa kila mwanamke aliyeolewa.

"Iko," nikajibu, nikijivunia Kimaasai changu cha neno moja.

Akaketi, akaweka rungu sakafuni. "Hizi ng'ombe si zetu," akasema.

"Zipi?"

"Hizi mitamba saba. Yetu imeenda. Imeletwa ingine, imevalishwa hereni ya yetu."

Nilifungua daftari. Kila ng'ombe wa chuo alikuwa na hereni ya plastiki sikioni yenye nambari, na mitamba wote saba walikuwepo, nambari kwa nambari, wamehesabiwa wiki iliyopita. Nikamgeuzia daftari aone.

"Hereni ni ya chuo," akasema. "Sikio si ya chuo."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Meneja wetu alikuwa na ranchi yake mwenyewe upande wa Kajiado. Wanyama wazuri walipelekwa huko kwa gari la chuo, wakaletwa waliokonda wa rangi zinazokaribiana, na nambari zikahamishwa kutoka sikio hadi sikio. Kwenye karatasi hakuna kilichopotea. Mtu pekee ambaye angejua ni yule anayemjua ng'ombe kwa sura.

"Andika uweke kwenye sanduku," nikamwambia.

"Nikiandika, si atajua ni mimi? Mimi niko na nyumba hapa tu. Wakinifukuza naenda wapi na mama watoto?"

Hapo ndipo nilipomhubiria. Nilimweleza utaratibu wote: kwamba sanduku halifunguliwi na mtu mmoja, kwamba kila barua naichapa upya kwenye kompyuta, kwamba ile ya mkono inafungwa ndani ya bahasha na kupigwa lakiri. Kamati inaona chapa yangu tu.

"Hata mwandiko wako hawatauona, mzee. Hakuna atakayejua."

Akaokota rungu lake sakafuni. "Wewe umesema?"

"Mimi nimesema."

Tulipofungua sanduku mwezi ule, barua ilikuwa moja tu. Aliiandika mwenyewe kwa penseli kwenye karatasi za daftari la shule, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ngumbaru akiwa tayari ana wajukuu. Mwenyekiti aliniachia niichape, akaenda kunywa chai.

Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapa katika ofisi ile. Kila mtamba alikuwa na sehemu yake. Wa kwanza ni nanyokie, mwekundu, tumbo jeupe, mama yake ni yule aliyekufa kwenye kiangazi kikubwa akiwa amelala chini ya tangi. Wa pili ana pembe ya kushoto inayotazama chini, kama ya nyanya yake. Wa nne anapenda kunywa wa mwisho. Wote saba hivyo, na waliowekwa badala yao vilevile, na hakuna nambari hata moja.

Niliacha kuchapa kwenye huyo wa nne. Nilikuwa nimeona tatizo, na sitaki mtu anisaidie kusema sikuliona. Daktari wa mifugo aliwajua ng'ombe kwa nambari. Wanafunzi waliwajua kwa nambari. Mimi niliyekaa pale miaka yote ile sikuweza kumtofautisha mmoja na mwingine bila kuinama kusoma sikio. Shamba zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyewajua ng'ombe kwa mama zao. Nikiondoa maelezo yale, barua haisemi kitu, kwa sababu nambari zote zipo. Nikiyaacha, mzee ameweka sahihi mara saba.

Kutoka ofisini hadi zizini ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kwenda kumwuliza. Ningeweza kumfuata mwenyekiti kwenye chai yake nikamwambia barua hii asiisome mtu mwingine, hasa kwa kuwa meneja naye alikuwa mwanakamati. Waraka ulisema wakuu wote wa idara wawemo, nasi tulikuwa watiifu mno kwa waraka. Lakini jua lilikuwa kali na basi la wafanyakazi liliondoka saa kumi kamili. Nikasahihisha tahajia, nikatoa nakala sita, nikaiweka ile ya penseli kwenye bahasha na kuipiga lakiri vizuri sana. Basi nililiwahi.

Kamati ilikutana kesho yake. Meneja alisoma nakala yake bila haraka, miwani imeshuka puani. Alipofika ukurasa wa pili akacheka kidogo.

"Huyu ameandika ni kama anahesabu ng'ombe ya mahari," akasema.

Watu wakacheka. Mwenyekiti akatabasamu kwa adabu. Mimi nami nilicheka, na sauti ya kicheko changu ninaijua hata leo, kwa sababu kilikuwa kirefu kuliko cha wengine.

Baada ya mkutano meneja alikuja ofisini kwangu akafunga mlango. Hakupaza sauti. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na watu walimpenda kwa hilo.

"Madam, barua yako ya permanent iko kwa meza yangu," akasema. "Nataka tu kujua kama tunaelewana."

"Tunaelewana, bwana meneja."

"Ni yeye?"

Sikutaja jina. Kwa miaka nilijitetea hivyo, kwamba mdomo wangu haukusema neno. Niliitikia kwa kichwa. Nilijiambia pia kwamba alikuwa anajua tayari, na ni kweli alijua. Mtoto yeyote angejua. Nafikiri alitaka kupima mimi ni mtu wa aina gani, na ilinichukua muda mfupi sana kumwonyesha.

Kamati ilikwenda zizini na daftari langu. Wakawahesabu mitamba kwa hereni, wakawapata saba, wakaandika kwamba madai hayana msingi. Mzee alisimama kando ya ua huku wanahesabu, rungu mabegani, mikono imening'inia juu yake, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Wiki mbili baadaye ilitoka barua ya kumwachisha kazi kwa uzembe, eti ndama wawili walipotelea malishoni. Niliichapa mimi. Siku ya kutia sahihi aliisoma yote, kidole kikifuata mstari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Yeyo, wamejua aje?"

"Sijui, mzee," nikasema.

Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona sanduku langu la kijani na maandishi yangu yenye pini nne. Alipewa siku saba kuhama. Mke wake alikuja kuniaga, akaniletea maziwa ndani ya kibuyu, nami nikayapokea, nikayapeleka Kitengela, watoto wakayanywa. Barua yangu ya ajira ilikuja mwezi uliofuata. Nyumbani tulichinja kuku na mchungaji wa kanisa letu akaalikwa kushukuru.

Meneja alistaafu kwa heshima zote. Sanduku liliondolewa ofisi zilipopakwa rangi upya, na katika kuhamahama kule niliichukua ile bahasha nikaileta nyumbani. Iko chini ya nguo kabatini, na lakiri haijavunjwa. Siku hizi nasikia habari za sheria za kumlinda mtu anayefichua uovu kazini, na vijana wa ofisini wanaziongelea vizuri. Mimi husikiliza tu. Waraka wetu nao ulikuwa umeandikwa vizuri.

Yule mzee nilimwona tena mara moja. Ilikuwa miaka kadhaa baadaye, katika soko la mifugo la Bisil, nilikokwenda kutafuta mbuzi wa ubatizo wa mwanangu wa mwisho. Nilikuwa nimesimama katikati ya vumbi nikijaribu kuonekana mtu anayejua mbuzi, ndipo nikasikia nyuma yangu:

"Takwenya, yeyo."

"Iko," nikajibu kabla sijageuka.

Alikuwa amezeeka. Alikuwa akiswaga mifugo ya watu wengine kuileta sokoni, aliniambia, na analala kwa binti yake. Aliniuliza habari za watoto, za kazi, za kila ng'ombe aliyemkumbuka, na nilidanganya juu ya ng'ombe kwa sababu sikujua.

"Hiyo maneno nimefikiria sana," akasema. "Kosa ilikuwa yangu. Niliandika ng'ombe na mama zao. Mtu akisoma hivyo si atajua ni mimi? Ni mimi nilijitaja. Wewe uliweka siri yangu vile ulisema."

Hapo mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa. Hakukuwa na meneja, hakukuwa na barua ya kungoja, na mtu mwenyewe alikuwa mbele yangu ananitazama kwa upole. Nilifungua mdomo.

"Mungu anajua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akaanza kunitafutia mbuzi. Alikagua meno, akavuta ngozi, akawakataa wawili niliokuwa tayari kuwachukua, mwishowe akasimama mbele ya beberu mweupe mwenye doa jeusi shingoni.

"Chukua huyu. Mama yake namjua."

Mwenye mbuzi alinitilia shaka, mwanamke wa mjini mwenye kibeti. Mzee akamshika bega, akamwambia kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Huyu ni yeyo yangu ya chuo. Wakati wa shida aliniwekea siri."

Yule mtu akanitazama upya, akanipa mkono kwa heshima, kisha akanikabidhi kamba. Nikaipokea.