Chumba Ambacho Msalaba Haukuingia

Nilimwahidi bibi mmoja wa Visiga kwamba Ijumaa ya tatu ya Kwaresima msalaba wa jumuiya yetu ungeingia chumbani kwake. Ulimi wangu haukuteleza. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kitanda chake, daftari la ratiba likiwa magotini. Nikamsomea jina lake na tarehe yake, naye akaniomba nisome tena. Miguu ilikuwa imemvimba kiasi kwamba kwa miezi mingi hakuwa amefika kanisani. Binti yake, ambaye alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda kimoja huko Zegereni, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza.

"Kwa hiyo watakuja wote?" bibi aliuliza.

"Wote, bibi. Saa kumi kamili."

"Basi ahadi ni deni, mjukuu wangu."

Jumuiya yetu ilikuwa na familia ishirini na kidogo, zilizosambaa kutoka Visiga hadi mjini Kibaha. Kila Ijumaa ya Kwaresima tulikutana katika nyumba ya mmoja wetu tukasali Njia ya Msalaba, vituo vyote kumi na vinne, nyuma ya msalaba wa mninga wenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Sala ikiisha, msalaba ulibaki katika nyumba ile kwa juma zima, kisha ukachukuliwa kwa nyimbo hadi nyumba iliyofuata. Mimi nilikuwa katibu. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nikifundisha kwa kujitolea, na akina mama walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu. Nami niliipokea kazi hiyo kwa uzito ambao pengine haikuwa nao. Niliamini kwamba mahali pekee ambapo tajiri na maskini wa Kibaha wangepiga magoti kwenye sakafu moja palikuwa hapo, katika daftari langu.

Ijumaa ya kwanza tulikwenda kwa mtumishi mmoja wa serikali, mwenye sebule kubwa. Kuanzia kituo cha tano nilianza kuhisi kwamba tunakimbia. Harufu ya vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa ilifika sebuleni kabla ya Simoni Mkirene. Kituo cha saba na cha nane vilisomwa kwa pumzi moja. Na Bwana alipozikwa, watu walikuwa tayari wananawa mikono. Meza ilibeba sangara wazima watatu, chapati, wali wa nazi na majagi ya juisi ya ukwaju.

"Ijumaa hatuli nyama," alisema mwenyekiti wetu, akimgeuza sangara upande wa pili. "Lakini huyu si nyama. Huyu ni mtu wa maji."

"Mama, mpitishe basi huku na sisi tumwone," akadakia mzee mmoja, mhasibu mstaafu. "Unamhubiria mpaka anapoa!"

Tulicheka sote. Lakini nilivitazama vidole vilevile ambavyo punde tu vilikuwa vimeushika mti wa msalaba, sasa vikichimba mashavu ya samaki kutafuta minofu, na mafuta yakitiririka hadi kwenye kiwiko cha mtu aliyekuwa ametuongoza katika tendo la majuto. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akikuna nazi ya futari ambayo asingeionja mpaka jua lizame. Tuliisikia mbuzi ikikwaruza huku tukitafuna. Sidhani kama yupo aliyeona haya. Niliona haya mimi, nikanyamaza, jambo ambalo halina faida kwa yeyote.

Ijumaa ya pili mwenyeji hakutaka kushindwa na wa kwanza. Alikodi viti vya plastiki, akapika pilau ya kamba. Mfungo wetu ulikuwa umegeuka mashindano ya majiko, na yule ambaye zamu yake ilikuwa bado alikwenda nyumbani akipiga hesabu ya sufuria. Nilipokuwa nafunga daftari, mwenyekiti aliniita pembeni. Lazima niseme kweli juu yake: mama huyu, muuguzi mstaafu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha na wagonjwa wetu na kuwaosha maiti wetu. Ndiyo maana maneno yake yaliniudhi zaidi.

"Katibu mwanangu, hii ya Ijumaa ijayo umeipangaje?"

"Ni kwa bibi wa Visiga, mama."

"Kwamba ni kwa bibi najua. Nauliza umeipangaje. Watu thelathini, chumba kimoja!"

"Tutasimama uani."

"Uani kwa mwenye nyumba aliyefunga, tukampigie kelele?"

"Nimeshaongea naye. Amesema atatuazima jamvi."

"Jamvi!" Alicheka, kisha akanishika bega kwa upole. "Sikiliza. Wewe umesoma, lakini haya mambo yanataka utu uzima. Watu wakishasali waondoke midomo mikavu? Hapo utakuwa umemheshimu au umemdhalilisha yule mama wa watu?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta tangu siku ile, na kila nikilikaribia naona lilivyo rahisi. Hatukuogopa kumwaibisha bibi. Tuliogopa Ijumaa isiyo na sahani. Kwa kuwa hilo halisemeki mbele za watu, tulilivika nguo ya huruma, tukalipa jina la heshima yake. Sijui uchafu ulio mbaya kuliko huo, kwa maana uchafu mwingine angalau hunuka.

Siku yenyewe, saa nane mchana, nikiwa shuleni, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu. Ulianza kwa Tumsifu Yesu Kristo, ukaendelea kusema kwamba kutokana na hali ya mvua Njia ya Msalaba ingesaliwa kwa mzee mhasibu, na kwamba bibi angepangiwa siku nyingine. Chini yake vilikuwa vimefuatana vikono vya kuomba, kimoja baada ya kingine, kama ishirini hivi. Nilitoka nje nikatazama juu. Wingu moja lilikuwa limetanda upande wa Ruvu, likapita zake. Mavumbi yalikuwa palepale.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpaka leo linanifanya nijichukie. Nilipaswa kwenda Visiga. Badala yake nilikwenda kwa mzee mhasibu, kwa sababu nilikuwa na hotuba. Niliwakuta wamefika kituo cha mwisho, katika nyumba mpya yenye marumaru hadi barazani. Sala ilipoisha nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti kwamba mvua haikunya, kwamba mwanamke mgonjwa amekaa anatusubiri, na kwamba tunachokifanya hakifanani na mfungo wowote unaotajwa katika Maandiko. Nilisema vizuri. Mwalimu wangu wa chuo angenipa alama za juu.

Mzee mhasibu akasafisha koo.

"Mwalimu, umeongea vizuri sana. Limetuingia. Sasa kaa chini, usije ukaanguka, tunaona hata midomo imekukauka."

Kicheko kikapasuka. Mtu akanivutia kiti. Mtu mwingine, sikumwona ni nani, akaniwekea sahani mikononi. Nilikuwa nimefunga tangu alfajiri. Sikuwa nimetia hata maji kinywani.

Nilikula.

Nilikula samaki wa kupaka, na nilitoa miiba kwa uangalifu, mmoja mmoja, nikiipanga ukingoni mwa sahani. Nilikubali kuongezewa. Kulipoanza kupoa watu wakaanza kunipongeza kwa ujasiri wangu, na nakiri kwamba nilifurahi. Giza lilipokaribia ndipo nilipokumbuka kwamba Visiga ni mwendo wa dakika chache tu kutoka pale, nikajiambia kwamba sasa muda umekwenda, nitamwona kesho.

Kesho yake nilimkuta amelala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlipata mvua huko?"

"Hapana, bibi."

"Hata huku haikunya," alisema, akageukia ukuta.

Binti yake ndiye aliyenieleza, tukiwa uani, bila kupandisha sauti. Alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake kiwandani ili awepo. Mama yake alivaa kitenge chake cha kanisani tangu saa tisa, akaomba aketishwe kwenye kiti ili tusimkute kitandani, na miguu ikazidi kujaa. Baba mwenye nyumba alipomaliza kufuturu alikuja kuuliza kama wageni wa bibi wameshafika.

"Nilimwambia mmepata dharura," alisema binti. "Akasema basi jamvi hatalikunja, huenda mmechelewa tu. Limelala hapo uani mpaka asubuhi."

Akanitazama.

"Kaka, mlipata dharura gani?"

Nilimwambia kweli, pamoja na habari za samaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akaurudishia mlango, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Ijumaa ya nne ratiba ilikuwa ya mtu mwingine, naye hakukubali kuachia zamu yake. Katikati ya juma lile miguu ya bibi ilianza kutoa maji, na binti, asiyeweza kuacha kazi wala kumwacha mgonjwa peke yake, akamsafirisha hadi Mzenga, wilayani Kisarawe, alikoolewa dada yake katika familia ya Kiislamu. Niliposikia, nikamwomba mwenyekiti tumpelekee msalaba huko huko. Akaniambia kwamba msalaba wa jumuiya hauvuki mipaka ya parokia bila barua. Barua ya nani, hakusema.

Jumamosi nikaenda mwenyewe katika nyumba ulikokuwa msalaba juma lile. Niliukuta umeegemezwa kati ya friji na mlango wa jikoni. Kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa kumeanikwa kitambaa cha kufutia vyombo, bado kibichi, chenye ukoko wa wali. Mwenye nyumba hakuona ajabu yoyote.

"Chukua tu, mwalimu," aliniambia. "Kwanza unatuziba njia."

Niliufunga kwa shuka, nikampigia binti simu kwamba naja, nikapanda bodaboda kutoka Mlandizi. Mvua ya kweli ilikuwa sasa imenyesha, na barabara ya Mzenga ilikuwa tope jekundu; mara mbili tulishuka tukasukuma. Nilifika nimechafuka hadi kiunoni. Baba mkwe wa huyo dada, mzee mwenye kofia ya kiua, alikuwa barazani akimenya mihogo.

"Hicho kilichofungwa ni nini?" aliuliza baada ya salamu.

"Ni msalaba, mzee. Wa kanisani kwetu. Nimeuleta kwa bibi."

"Vyema. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Aliweka kisu chini. "Mama alituambia mnatembea kundi. Tumewapisha baraza nzima." Na kweli, nyuma yake niliona mikeka imetandikwa hadi ukutani. "Haya, ingia. Viatu acha hapo, kumepigwa deki."

Bibi alikuwa amepungua uso. Niliufungua msalaba nikausimamisha mbele yake. Aliupapasa, kutoka juu hadi chini, kisha akautazama mlango.

"Wenzako wako nje?"

"Nimekuja mwenyewe, bibi."

Akaingiza mkono kwenye ukosi wa gauni lake, akatoa rozari, akanionyesha kimsalaba chake cha bati kilichochakaa.

"Msalaba ninao, mjukuu wangu. Nilikuwa nataka watu."

Tulisali vituo vyote. Sikuruka neno. Yeye aliitikia kwa sauti ndogo, na binti yake wa Mzenga, aliyekuwa ameiacha sala hii kwa miaka, alijikuta akiitikia naye kutoka mlangoni. Barazani mzee alizima redio mpaka tulipomaliza. Sikupata faraja yoyote katika jambo hilo, na sitaki msomaji aipate. Watu watatu walikuwa wakiitikia sala ya watu thelathini.

Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikayarudia maneno ya bibi kama alivyoyasema. Mwenyekiti alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Akatangaza kwamba Ijumaa inayofuata tungekwenda Mzenga wote. Nilitoka pale nikiwa nimeanza kuwasamehe, na kujisamehe. Kabla ya jioni kundi letu la simu lilikuwa limejaa: nani apike wali, nani alete samaki, jokofu la soda likapakiwe wapi, kama kule kuna kivuli cha kulia. Alhamisi likatokea swali la nani amesahau kuagiza viti, likazaa ugomvi, na safari ikaahirishwa hadi baada ya Pasaka. Pasaka imepita. Haijafanyika.

Bibi yu hai. Juzi binti wa Zegereni aliniambia kwamba bado anatusubiri, na huuliza kama barabara ya Mzenga imekauka.

Ninalo ombi moja kwako unayesoma. Kama katika jumuiya yenu yupo mtu ambaye jina lake huhamishwa kila ratiba inapotoka, nenda kwake Ijumaa hii, na usiende peke yako. Mkifika, salini mpaka mwisho, mkae naye, kisha mwondoke. Mkiona njaa itawasumbua, kuleni kwenu kwanza.