Aliyeitika Kiti cha Nyuma

Sikuombi uniamini. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya gari lile, na bado kuna siku najiambia labda masikio yalinidanganya. Lakini tulikuwa wanne, na wote wanne tulisikia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Takoma Park, kule Marekani, na Mwende, Mkamba wa Kitui, mcheshi kupindukia. Wote wawili tulifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku moja ya baridi kali, akirudi kutoka shifti, gari lake liliteleza kwenye barafu kule Beltsville, barabara inapopita katikati ya mashamba ya utafiti ya serikali. Likazunguka, likaishia mtaroni. Hakuumia hata ukucha. Ila aliyerudi nyumbani hakuwa Mwende ninayemjua. Hali, halali, anakodolea ukuta. Ukimsemesha anajibu, "Niko sawa, wacha tu." Hospitali wakampima kila kitu, wasione kitu. Nguo zikaanza kumpwaya. Jamani, nilianza kuogopa kwamba nitamrudisha kwa mama yake ndani ya sanduku.

Nikamweleza Lupita, Mmeksiko tuliyefanya naye kazi. Akauliza swali moja tu: "Alishtuka?" Kisha akatupeleka Wheaton kwa shangazi yake, Doña Chela, kibibi kifupi ambaye jiko lake lote lilinuka ubani. Alimpitishia Mwende yai bichi mwili mzima, akalipasua kwenye glasi ya maji, akaliangalia kwa muda mrefu.

Lupita akatafsiri: "Anasema mwili umerudi, roho imebaki pale ilipoogopea. Lazima tukaiite."

Unacheka? Mimi ni Mpare, mambo ya waganga nimeyaona tangu utotoni. Sikucheka.

Tulifika pale Beltsville jua likizama, theluji imekuwa rangi ya majivu. Doña Chela akampangusa Mwende kwa fungu la rozmari na majani machungu wanayoyaita ruda, kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaichapa ardhi kwa majani yale na kuita kwa Kispanyola: "Mwende, njoo! Usibaki hapa!" Akatuamuru turudi garini bila kugeuka. Njiani ataendelea kuita, na atakayeitika ni Mwende peke yake.

Tukaondoka. Lupita anaendesha gari lake la safu tatu za viti, shangazi yake pembeni, mimi na Mwende safu ya katikati. Viti vya nyuma kabisa vitupu.

"Mwende, njoo!"

"Nakuja," akasema, kwa sauti ya mgonjwa.

"Mwende, njoo!"

"Nakuja." Safari hii machozi yakamtoka, na mkono wake uliokuwa baridi ukaanza kupata joto ndani ya wangu. Nikasema, Mungu wangu, anarudi kweli!

"Mwende, njoo!"

"Nakuja," akasema Mwende.

"Nakuja," mtu akasema kutoka kiti cha nyuma.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu aliyesubiri mpaka akachoka. Lupita nusura atutupe mtaroni. Hakuna aliyegeuka. Doña Chela aliacha kuita, akaanza kusali, akasali mpaka Wheaton. Tulipofika alifungua mlango wa nyuma, akavichapa viti vile vitupu kwa majani yake, na mbele ya macho yetu majani yakasinyaa kama yamepitishwa motoni. Akauliza kupitia kwa Lupita, "Hilo jina maana yake nini?"

"Kwetu ni mpendwa," Mwende akajibu.

Kibibi akajiziba mdomo.

Mwende alipona. Jioni ile ile alikula ugali, akaongeza. Leo ameolewa, yuko mbali na hapa, mzima wa afya. Lupita gari lile aliliuza. Lakini mimi simwiti Mwende jina lake tena. Mara ya mwisho nilimwita kwenye simu, mumewe akiwa kazini, yeye yuko peke yake nyumbani. Akaitika kwa furaha. Halafu mwingine akaitika, taratibu.

Kwa hiyo wewe unayempeleka mtu wako kuitwa, mwambie mganga ataje jina la baba, la babu, la ukoo mzima. Barabarani wanafia wengi ambao hakuna aliyewahi kurudi kuwachukua. Ukisimama pale giza likiingia ukaita "mpendwa, njoo," unadhani ataitika mmoja?